Faili Zinaposafiri Usiku

Mheshimiwa mwenyekiti, wajumbe wa bodi, mameneja, na ninyi wahasibu ambao miaka yote hii mmeniita "fundi wa printa": shikamooni wazee wangu, na wenzangu habari za asubuhi.

Nimepewa dakika ishirini niseme juu ya kazi inayofanyika mkiwa mmelala. Jioni mnafunga ofisi, mnakwenda nyumbani, na usiku faili za tawi zinatakiwa zisafiri mpaka ofisi nyingine iliyo mbali, zikae huko, ili siku tawi likiungua au likiibiwa chama cha mikopo kisianze kuwauliza wanachama nani anadaiwa kiasi gani. Ukiisikia hivyo ni kazi nyepesi. Mimi imenichukua miaka sita kuiweka sawa, na mengi nitakayosema nimeyajua kwa kukosea. Kwa hiyo niruhusuni nianze na kosa la kwanza.

Chama ninachokihudumia kina ofisi tatu: makao makuu Morogoro mjini, tawi Ifakara, na kaofisi kadogo Mahenge, kule juu mlimani. Tulikubaliana na meneja kwamba kazi ianze saa nane usiku. Watu wamelala, laini haina mtu, sawa. Nikampigia simu kijana wetu wa Ifakara, nikamwambia, "Weka saa nane." Akaweka. Kwenye seva, yaani kompyuta kuu za ofisi, zinazotumia mfumo wa Linux, kazi za ratiba huandikwa ndani ya cron, programu inayoanzisha kazi saa yake ikifika, na kijana, mtiifu kabisa, akaandika 8.

Kesho yake simu ikaanza kuita: mtandao umekufa, wanachama wamejaa mlangoni, mfumo hauendi. Mpaka saa sita mchana ukafufuka wenyewe. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu ndipo nilipokaa nikaangalia ile ratiba nikataka kujificha chini ya meza. Saa nane yetu usiku kwa mashine ni 2. Na 8 ya mashine kwetu ni saa mbili asubuhi, dakika ile ile mlango wa ofisi unapofunguliwa. Mashine ilikuwa inasafirisha faili za usiku mchana kweupe.

Nikarekebisha, nikaandika 2, nikalala kwa amani. Mahenge wakapiga simu. Kumbe seva yao ilikuwa inahesabu saa za UTC, yaani saa za kimataifa, zilizo nyuma ya zetu kwa saa tatu, kwa hiyo 2 yake ilikuwa saa kumi na moja alfajiri. Kazi ilianza watu wakiamka na ikaendelea mpaka ofisi ikafunguliwa. Tangu hapo kila ofisi ina karatasi ukutani, na ratiba imeandikwa mara mbili: saa ya mashine na saa ya mtu. Mkitoka hapa na jambo moja tu, toka nalo hilo. Linasaidia hata kwa mialiko ya mikutano.

Sasa niingie kwenye jambo lililonileta. Kuna kazi mbili ambazo watu huzichanganya, na wauzaji wa programu wanafurahi mkizichanganya. Ya kwanza ni kusawazisha, ile mnayoiita kusinki: ofisi mbili zinakuwa na faili zilezile, ukibadilisha huku na kule kunabadilika. Ya pili ni kuweka nakala ya akiba, bakapu. Wapo wanaoiita chelezo, na neno hilo nalipenda, kwa sababu watu wa maji wanajua chelezo ni kitu cha kuelea, ni boya la kumshika mtu asizame. Boya haliwezi kuzama pamoja na chombo. Likizama nalo, basi halikuwa boya.

Mimi nilikuwa nasawazisha, nikiamini naweka akiba. Alasiri moja mhasibu msaidizi wa Ifakara alikuwa anasafisha kompyuta yake iliyojaa. Akaona folda ya mikataba ya mikopo ya 2019, akadhani ni nakala ya zamani, akaifuta. Binadamu. Saa nane usiku, saa nane ya kweli safari hii, seva ya Morogoro ikajilinganisha na ya Ifakara. Ikaona kule hakuna folda hiyo. Nami nilikuwa nimeipa amri kwamba kisichokuwepo kule kisiwepo na huku, pande mbili zifanane. Ikatii. Asubuhi zilifanana sana.

Tulikuja kujua wiki tatu baadaye, mwanachama mmoja alipokuja kudai hati ya kiwanja aliyoiweka dhamana. Bahati yetu karatasi zenyewe zilikuwa kwenye makabati. Tuliziskani upya kwa siku tisa, mimi nikiwa mmoja wa waliosimama kwenye skana, kwa sababu mwenyekiti alisema, na alikuwa na haki, kwamba aliyechoma nyumba asaidie kubeba matofali.

Msidhani ni ushamba wa vyama vidogo. Tarehe 27 Juni 2017 kampuni ya meli ya Maersk, ya Denmark, wenye makontena mnayoyaona yakipita hapa Morogoro yakitoka bandarini Dar es Salaam, ilipigwa na programu haribifu iliyoitwa NotPetya. Na wahasibu, nisikilizeni vizuri hapa, kwa sababu mlango ulioingilia ni mlango wenu. Kulikuwa na programu ya uhasibu na kodi inayotumiwa sana Ukraine, inaitwa M.E.Doc. Wahalifu waliingia kwenye seva za watengenezaji wake, wakapandikiza sumu ndani ya masasisho. Mteja alipokea masasisho kutoka kwa mtu anayemwamini, akaingiza mwizi kwa mlango wa mbele. Ikatoka hapo ikasambaa kwenye mitandao ya makampuni, kompyuta baada ya kompyuta, kwa dakika.

Maersk walikuwa na seva zipatazo 150 za kutunza majina na ruhusa za watumiaji wote wa kampuni, zimetawanywa dunia nzima, kila moja ikisawazishwa na nyingine. Hesabu yao haikuwa ya kijinga: ikifa moja, au zikifa kumi, zilizobaki zinazo taarifa zote. Walichokosa kuhesabu ni siku ambayo zote zingefutwa kwa pamoja. Na bila seva hizo, hata nakala nyingine walizokuwa nazo hazikuwa na pa kuanzia.

Wakapiga simu ofisi zao duniani kote kutafuta japo moja iliyopona. Wakaipata Ghana. Unajua ilipona kwa nini? Umeme ulikuwa umekatika. Kabla ya shambulio kufika, umeme ulikatika pale, seva ikazimika, ikatoka kwenye mtandao, na sumu ilipopita haikuikuta. Sisi tunaolalamika umeme ukikatika, basi kuna siku moja katika historia ya kompyuta kukatika huko kuliokoa kampuni iliyokuwa kubwa kuliko zote za makontena wakati ule.

Hadithi haijaisha, na hapa ndipo naipenda zaidi, kwa sababu inafanana na maisha yetu. Taarifa zilikuwa gigabaiti mamia kadhaa. Laini ya ofisi ya Ghana ilikuwa nyembamba. Kuzituma Uingereza, ambako kazi ya kufufua mtandao ilikuwa inafanyika, kungechukua siku nyingi. Wakasema basi, mtu apande ndege na diski. Wafanyakazi wa Ghana hawakuwa na viza ya Uingereza. Ikabidi mmoja asafiri hadi Nigeria, akutane uwanja wa ndege na mwenzake mwenye viza, amkabidhi diski mkononi, na huyo aruke nayo hadi London. Mwenyekiti wa kampuni alieleza hadharani Januari 2018 kwamba walisimika upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 ndani ya siku kumi. Hasara walikadiria kati ya dola milioni 250 na 300.

Kwa hiyo nilipobadilisha mpangilio wetu, nilijiuliza swali moja kwa kila nakala: mtu akifuta huku leo, au sumu ikiingia huku leo, nakala hii itajuaje isifuate? Kama jibu ni "itafuata usiku", hiyo ni nakala ya kazi, nayo ni nzuri kwa kazi, lakini msiiandike kwenye ripoti ya bodi kuwa ni akiba.

Nieleze tulivyofanya. Nitapita haraka kwenye mengine, kwa sababu vijana wenu wa kompyuta wanayajua. Nitakaa pale ambapo fedha na uamuzi wenu vinahitajika.

Kwanza ukubwa wa bomba. Laini ya tawi letu inapandisha megabiti 4 kwa sekunde. Msidanganywe na namba ya kwenye tangazo. Ile mara nyingi ni ya kushusha, na sisi usiku tunapandisha. Megabiti 4 ni nusu megabaiti kwa sekunde, sawa na gigabaiti 1.8 kwa saa, na hapo laini isikohoe hata mara moja. Tukianza saa nne usiku na kumaliza saa kumi na moja alfajiri ni saa saba: gigabaiti 12.6. Tawi linazalisha gigabaiti moja au mbili kwa siku, nyingi zikiwa karatasi zilizoskaniwa. Inatosha, inabaki.

Lakini siku ya kwanza tulikuwa na gigabaiti 380 za miaka yote. Gawanya kwa 12.6. Ni usiku thelathini. Mwezi mzima tawi halina akiba yoyote kamili, na radi haisubiri mwezi. Tukafanya kama Maersk: diski mpya, ikajazwa Ifakara kwa kebo usiku mmoja, ikapakiwa basi la asubuhi kuja Morogoro, ndani ya begi la mtu wetu, si kwenye buti. Ilifungwa kwa nenosiri kwa mfumo wa Linux unaoitwa LUKS. Meneja wangu alipoona neno hilo kwenye maombi ya malipo aliuliza kwa nini tunanunua umeme wa diski. Nikamwambia hii ni LUKS, ile ni LUKU. Hii haiishi usiku wa manane.

Kuifunga kwa nenosiri si madoido. Ndani ya diski ile kuna nakala za vitambulisho vya taifa, mishahara ya watu, hati za viwanja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na mkiisahau diski kwenye siti ya basi, aliyeisahau ni chama.

Diski ilipofika, kazi ya kila usiku ikawa kubeba mabadiliko tu. Programu tunayotumia ni rsync, ya bure, iliyotolewa mwaka 1996 na Andrew Tridgell na Paul Mackerras wa Australia. Ujanja wake wahasibu mtauelewa kuliko mimi. Fikirini karani wa Ifakara na karani wa Morogoro wana daftari moja kila mmoja, kurasa mia tano, na simu ya gharama. Hawasomeani daftari zima. Wa Morogoro anasoma jumla ya kila ukurasa. Wa Ifakara anasikiliza, na pale jumla zinapotofautiana ndipo anasoma ukurasa huo peke yake. Basi rsync inafanya hivyo kwa vipande vya faili. Na Tridgell aliongeza akili moja: hata ukichomeka mistari miwili mwanzoni mwa daftari, kila kitu kikasogea chini, programu inatambua kwamba kurasa ni zilezile zimehama tu, haizitumi upya. Faili zisizoguswa kabisa haizifungui hata kidogo. Inaangalia ukubwa na saa ya mwisho ya kubadilishwa, inapita.

Laini ikikatika katikati, na itakatika, usiku unaofuata inaendelea na yaliyobaki. Hata nchi nzima laini hukatika: mnakumbuka Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipoharibika, siku tulizoambiana kwa simu za kawaida kama zamani. Siku zile hatukufanya lolote la ajabu. Tawi liliendelea kufanya kazi kwa seva yake palepale Ifakara, na mrundikano ukasafiri mtandao uliporudi. Hii ndiyo sababu siwashauri kuweka kila kitu mbali tu, kwenye wingu, huku tawini hakuna kitu.

Mfumo wenyewe wa mikopo ni jambo jingine. Ule ni hifadhidata, hauchukuliwi kama faili ya barua. Ukiinakili ikiwa inafanya kazi ni kama kupiga picha daftari karani akiwa anaandika: ukurasa wa kumi una malipo, ukurasa wa arobaini bado haujapata salio. Unapata nakala inayofunguka lakini inadanganya, na nakala inayodanganya ni mbaya kuliko kukosa. Kwa hiyo saa tatu na nusu usiku, yaani 21:30 ya mashine, seva ya tawi inatoa kwanza picha moja tulivu ya hifadhidata, inaandika kwenye faili, na faili hiyo ndiyo inayosafiri. Mwulizeni kijana wenu kesho: hifadhidata yetu inanakiliwaje ikiwa inafanya kazi? Akibabaika, msimfukuze, mpeni wiki.

Kuna kitu kingine nilikigeuza baada ya kusoma habari za NotPetya. Zamani tawi ndilo lilikuwa linasukuma faili kuja makao makuu, kwa hiyo kompyuta ya tawi ilikuwa na ufunguo wa ghala, yaani seva ya Morogoro inayotunza nakala. Anayeiteka kompyuta ya tawi ameteka na ghala. Sasa Morogoro ndiyo inayokwenda kuvuta, kwa ufunguo unaoruhusu kusoma tu. Tawi halijui hata mlango wa ghala uko wapi. Mabadiliko hayo hayakugharimu shilingi, yaligharimu Jumamosi moja.

Na ghala lenyewe halina tena nakala moja inayofutwa na kuandikwa juu. Kila usiku ina folda yake yenye tarehe, na ukiifungua unaona faili zote kama zilivyokuwa usiku ule. Mtu ataniuliza nafasi ya kuweka gigabaiti 380 kila siku inatoka wapi. Haihitajiki: faili ambayo haikubadilika huhifadhiwa mara moja tu, na folda zote zinaielekezea ileile, kama watoto wengi kwa babu mmoja. Tunatunza usiku saba wa mwisho, Ijumaa nne za mwisho, na mwisho wa mwezi kwa miezi kumi na miwili. Yule mhasibu msaidizi akifuta folda leo, nitairudisha kesho kabla ya chai.

Mwisho kuna diski mbili za mkononi. Moja imechomekwa Morogoro, nyingine imefungiwa kwenye kasiki, na kila Jumatatu zinabadilishana. Ile ya kwenye kasiki ndiyo Ghana yetu. Haina umeme, haina mtandao, haisikii amri ya mtu yeyote.

Kuhusu watu wawili kufungua faili moja ya Excel, mmoja Mahenge mwingine Ifakara, wote wakaibadilisha: programu ya kusawazisha faili haitawapatanisha. Syncthing, kwa mfano, itawawekea faili mbili na kuwaachia ugomvi wenu. Sisi tuliamua kila faili ina ofisi moja inayoimiliki, wengine wanaisoma tu. Tuliandika hivyo kwenye utaratibu wa kazi, na yakaisha.

Sasa nije kwenye kinachoniuma. Mwaka wa pili, mashine zote zikiwa zimepangwa vizuri, nakala za Mahenge zilisimama siku kumi na moja na hakuna aliyejua. Sababu? Mlinzi alikuwa anachomoa ruta usiku apate pa kuchajia simu, na alfajiri anairudisha. Mzee mwaminifu, simu yake ndiyo ya kupiga majambazi wakija, sikuwa na la kumwambia. Tulimnunulia soketi ya nyongeza ya shilingi elfu chache. Mara nyingine LUKU iliisha saa tano usiku. Betri ya UPS ikashika dakika ishirini, ikachoka nayo.

Lakini kosa halikuwa la mzee wala la LUKU. Lilikuwa langu, kwa sababu nilipanga mashine initumie ujumbe ikishindwa. Mashine iliyozimwa inatumaje ujumbe kwamba imezimwa? Nikakaa siku kumi na moja nikiufurahia ukimya. Wazee walisema kimya kingi kina mshindo mkubwa. Mimi nilidhani ni kimya cha heri.

Na si mimi peke yangu. Usiku wa tarehe 31 Januari 2017, mhandisi mmoja wa kampuni ya GitLab, amechoka, alifuta hifadhidata kwenye seva ambayo siyo. Zilizofutwa zilikuwa gigabaiti kama 300. Alipozuia, zilikuwa zimebaki 4.5. Wakakimbilia kwenye akiba. Walikuwa na njia kadhaa za akiba, na moja baada ya nyingine zikawa hazifai. Ile kubwa ilikuwa haifanyi kazi kwa sababu programu ya kunakili ilikuwa toleo tofauti na hifadhidata yenyewe, na barua pepe za kuonya zilikuwa zinakataliwa njiani. Waliokolewa na picha ambayo mtu alikuwa ameichukua kama saa sita kabla kwa shughuli nyingine kabisa. Nawasifu, kwa sababu waliyaandika yote hadharani bila kumtoa kafara yule mhandisi.

Kwetu sasa ujumbe unakuja ikifanikiwa. Kila asubuhi saa moja na nusu meneja wa tawi, si mimi, anapata ujumbe mfupi kwenye simu: faili ngapi zimefika, ukubwa gani, ya mwisho saa ngapi. Usipofika, ananipigia kabla hajafungua mlango. Namba ikiwa ya ajabu pia ananipigia. Siku moja zilifika faili elfu arobaini wakati kawaida ni mia tatu, nikajua mtu amehamisha folda. Siku nyingine inaweza kuwa sumu inafunga faili zote, na namba hiyo ndiyo itakayotuambia kwanza.

Halafu kuna zoezi. Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi mama mhasibu mkuu anachagua namba ya mwanachama, yoyote, anayotaka yeye, na tarehe ya nyuma. Mimi naingia kwenye ghala naitoa faili mbele yake, kwenye kompyuta ambayo siyo ya tawi, na tunaandika imechukua dakika ngapi. Mara ya kwanza tulishindwa vibaya. Diski ilikuwepo, faili zilikuwepo, nenosiri lilikuwa kichwani mwa kijana mmoja, na kijana alikuwa msibani Songea, simu haipatikani. Leo nenosiri liko kwenye bahasha mbili zilizopigwa muhuri, moja kwenye kasiki ya chama, nyingine kwa katibu wa bodi. Wajumbe, hili ni lenu. Fundi anakuja na kuondoka. Anaweza pia kufa.

Wengi mmeniuliza gharama. Programu zote tunazotumia kwa kazi hii ni za bure. Mnalipia diski, betri, kompyuta moja ya wastani kwa ghala, laini ambayo tayari mnalipia, na muda wa mtu. Linganisheni na siku tisa za wafanyakazi wanne kwenye skana. Nimemaliza hapo kwa upande wa fedha.

Mwezi wa nne mwaka jana, masika, radi ilipiga karibu na ofisi ya Ifakara saa tano na nusu asubuhi. Ikapita kwenye waya wa simu wa zamani ambao hakuna aliyekumbuka kuukata, ikaua ruta, seva na kompyuta mbili. Saa sita meneja alinipigia. Niliiwasha seva ya ziada hapa Morogoro, nikarudishia picha ya hifadhidata ya usiku uliopita na faili za tawi, nikaijaribu, na alfajiri ya kesho yake ikapanda basi. Jioni ile tawi liliandika kwa mkono. Ilipofika na kuwashwa, karani akafungua mfumo, akakuta kila kitu mpaka risiti ya mwisho ya juzi yake. Zilizopotea ni za asubuhi ile ya radi: risiti arobaini na tatu. Wakazitoa kwenye kitabu, wakaziingiza moja moja pamoja na zile za jioni, na saa kumi na moja wakafunga hesabu za siku.

Sasa naona mama mmoja pale nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja mlinzi na ruta. Karibu mama, nadhani na wewe unaye.